Muswada, Katiba na Mahakama ya Rufani: Maswali Yenu na Majibu

Barua za safari hii zimetoka pande zote mbili za uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA), Arusha na Moshi, na karibu zote zinauliza mambo yanayofanana: nani hasa anatunga sheria, na ile mahakama yenye neno la mwisho ilianzia wapi. Nimeacha maneno ya wenyewe, nimefupisha tu.

Shikamoo. Niko kidato cha nne. Mwalimu wa Uraia ametufundisha kwamba Bunge ndilo linatunga sheria, lakini kwenye televisheni naona wabunge wanajadili kitu ambacho tayari kimeandikwa. Kimeandikwa na nani? (Mwanafunzi, Kiborloni)

Marahaba, mwanangu. Umeona vizuri. Karatasi inayofika Dodoma imeshapita mikono mingi. Wizara inaandaa mapendekezo, Baraza la Mawaziri linayakubali au linayarudisha, kisha waandishi wa sheria wa Serikali, chini ya Mwandishi Mkuu wa Sheria, wanayageuza kuwa vifungu. Hapo ndipo unapozaliwa muswada. Unachapishwa katika Gazeti la Serikali pamoja na maelezo ya madhumuni na sababu zake, ili mtu yeyote ausome kabla haujafika bungeni.

Kusomwa kwa mara ya kwanza ni kwa dakika chache, maana kinachosomwa ni jina tu. Spika anaupeleka kwenye Kamati ya Kudumu inayohusika, na hapa naomba darasa lenu zima lisikilize. Kamati huita wadau watoe maoni. Chama cha wakulima wa kahawa, kikundi cha akina mama wa vikoba, mwanafunzi kama wewe, wote wana haki ya kufika au kuandika kwa Katibu wa Bunge. Kwangu mimi hii ndiyo saa yenye thamani kuliko zote katika maisha ya sheria. Neno moja linaweza kubadilishwa na kamati kwa mchana mmoja. Likishakuwa sheria, kulibadilisha kunaweza kula miaka kumi na kesi tatu. Inaniuma kuona saa hiyo inapita watu wa Kilimanjaro wakiwa hawana habari, halafu kelele zinaanza sheria ikishasainiwa.

Upo pia muswada wa hati ya dharura, ambao hupitishwa kwa haraka bila ule muda wa kawaida wa kusubiri. Nchi ikipatwa na jambo la ghafla, hati hiyo ina kazi yake. Ikitumika kwa sheria ya kawaida, inawanyima watu wa Kiborloni nafasi ya kusema, na wabunge wetu wanapaswa kuikataa.

Baada ya kamati, muswada unasomwa mara ya pili. Waziri anaeleza, kamati inatoa maoni yake, wabunge wanachangia. Kisha Bunge linakaa kama Kamati ya Bunge Zima na kupita kifungu kwa kifungu, wenye majedwali ya marekebisho wakiyatetea. Ndipo unasomwa mara ya tatu na kupigiwa kura.

Bado si sheria. Ibara ya 62 ya Katiba inasema Bunge lina sehemu mbili: Rais na wabunge. Muswada unahitaji kibali cha Rais. Chini ya Ibara ya 97 anaweza kukataa, lakini lazima aurudishe pamoja na sababu zake. Ukisharudishwa, hauwezi kupelekwa kwake tena kabla ya miezi sita kupita, isipokuwa kama umeungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge wote. Ukifika mara hiyo ya pili kwa theluthi mbili, Rais ana siku 21: aukubali au alivunje Bunge. Hiyo iandike daftarini, maana ndipo unapoona Katiba inavyowalazimisha wakubwa hawa wawili kuelewana.

Jambo la mwisho. Saini ya Rais haimaanishi sheria imeanza kazi siku hiyo. Sheria nyingi husema zitaanza tarehe ambayo Waziri ataitangaza katika Gazeti la Serikali. Ukisikia sheria mpya imepita, uliza na siku yake ya kuanza.

Mbunge wetu aliahidi kwenye kampeni kwamba "ataleta sheria." Anaweza kweli? (Bodaboda, Majengo, Moshi)

Anaweza. Mbunge yeyote ana nafasi ya kuwasilisha muswada binafsi. Kikwazo ni Ibara ya 99: jambo linalohusu kutoza kodi au kutumia fedha za Mfuko Mkuu wa Hazina haliwezi kushughulikiwa na Bunge mpaka Rais apendekeze kupitia Waziri. Kwa kuwa ahadi nyingi za kampeni zinagusa fedha, muulize mbunge wako sheria yake itagharimu nini na nani atalipa. Jibu lake litakuonyesha kama alikwisha kulifikiria.

Sisi wa mezani tuliongezewa ushuru. Tulipouliza tukaambiwa "ndiyo sheria." Mbona hakuna mbunge aliyeijadili? (Mama wa ndizi, Soko la Kilombero, Arusha)

Pole, mama. Hiyo ni sheria ndogo, na haipiti bungeni kwa njia niliyoieleza hapo juu. Bunge liliwakabidhi madiwani sehemu ya kazi yake. Ushuru na ada za halmashauri hutungwa chini ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290. Halmashauri inaandaa rasimu, inatakiwa kuwatangazia wananchi na kupokea pingamizi zao, baraza la madiwani linapitisha, Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa anaidhinisha, kisha inachapishwa kama Tangazo la Serikali lenye namba na mwaka.

Kwa hiyo mtu akikuambia "ndiyo sheria," mwombe namba ya Tangazo la Serikali. Usigombane naye, uliza kwa adabu, na ikiwezekana mwende watano au sita pamoja. Sheria ndogo ya kweli ina namba, na kiwango kinachodaiwa kimeandikwa ndani yake. Kinachodaiwa juu ya hapo hakina msingi. Mkikuta namba ipo na kiwango ni hichohicho, basi mlango wenu ni diwani. Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi. Nimewahi kukaa kwenye viti vya nyuma katika vikao hivyo na kuona safu nzima tupu, wakati ajenda ilikuwa ni bei ya meza sokoni.

Sheria ndogo haiwezi kupingana na sheria mama iliyoizaa. Ikipingana, Mahakama Kuu ina uwezo wa kuitengua.

Hata kijiji kinatunga sheria ndogo zake. Kule mlimani, zamu za maji ya mfereji zinaweza kuwekwa kwenye sheria ndogo ya kijiji, ikapita kwenye mkutano wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Hapo mwananchi yuko karibu na utungaji wa sheria kuliko mahali pengine popote katika nchi hii.

Kenya wana Mahakama ya Juu. Sisi tunaishia Mahakama ya Rufani. Kwa nini? Na hii Rufani yetu ilianzishwa lini, maana nakumbuka ujanani kesi kubwa zilikwenda Nairobi. (Mzee wa Machame)

Shikamoo, mzee wangu. Kumbukumbu yako ni sahihi, na historia hii inaihusu Arusha kuliko watu wengi wanavyojua.

Enzi za Mwingereza, aliyeshindwa Mahakama Kuu ya Tanganyika alikata rufaa kwenye mahakama ya Afrika Mashariki yenye makao Nairobi, na juu yake kulikuwa na Baraza la Faragha, London. Yaani neno la mwisho juu ya mgogoro wa mtu wa Machame lilikuwa linasemwa ng'ambo ya bahari. Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, tarehe 9 Desemba 1962, tuliagana na London. Ile ya Nairobi ikabaki. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliosainiwa Kampala tarehe 6 Juni 1967, ukaitambua Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, na makao makuu ya Jumuiya yenyewe yakawekwa hapa Arusha.

Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Wazee wanakumbuka reli, ndege na posta zilivyogawanywa. Mahakama haitajwi sana, ingawa kwa maoni yangu lilikuwa pigo kubwa kuliko hayo yote, kwa kuwa nchi tatu zilipoteza kwa pamoja chombo chao cha mwisho cha haki na kila moja ikalazimika kujenga chake.

Hapa ndipo swali lako linapokutana na lile la mwanafunzi wa Kiborloni. Mahakama yetu ya juu kabisa ilianzishwa kwa njia ileile ya muswada. Mwaka 1979 Bunge lilipitisha sheria mbili zinazofuatana: Sheria Na. 14, iliyobadili Katiba ili kuiweka Mahakama ya Rufani ya Tanzania, na Sheria Na. 15, Sheria ya Mamlaka ya Rufani, iliyoeleza mahakama hiyo itasikiliza nini. Ya kwanza ilikuwa mabadiliko ya Katiba, na hayo chini ya Ibara ya 98 yanataka theluthi mbili ya wabunge wote. Wingi wa kawaida hautoshi. Baadhi ya mambo ya Muungano yanataka zaidi: theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar, kila upande ukihesabiwa peke yake.

Aliyeiongoza mahakama hiyo tangu ilipoanza ni Jaji Mkuu Francis Nyalali, aliyeshika cheo hicho kuanzia 1977 hadi 2000. Leo iko kwenye Ibara ya 117 na 118: Jaji Mkuu pamoja na Majaji wa Rufani wasiopungua wanne, na shauri husikilizwa na majaji wasiopungua watatu. Ni chombo cha Muungano, kwa hiyo inapokea rufaa kutoka Mahakama Kuu ya Bara na ile ya Zanzibar. Yapo yasiyoingia humo. Tafsiri ya Katiba ya Zanzibar na mambo ya dini ya Kiislamu yaliyoanzia kwa Kadhi yanaishia Zanzibar. Serikali mbili zikigombana juu ya tafsiri ya Katiba ya Muungano, Ibara ya 125 imeweka Mahakama Maalum ya Katiba, ambayo wajumbe wake huteuliwa nusu na Serikali ya Muungano na nusu na Serikali ya Zanzibar.

Sasa Mahakama ya Juu. Kenya waliianzisha kwa Katiba yao ya 2010, ikiwa na majaji saba. Uganda nao wanayo katika Katiba ya 1995. Kwetu, Tume ya Mabadiliko ya Katiba iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba ilipendekeza tuwe nayo, na Katiba Inayopendekezwa, iliyopitishwa na Bunge Maalum tarehe 2 Oktoba 2014, ikalibeba wazo hilo. Kura ya maoni ilipangwa tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa. Ndiyo maana tuko tulipo.

Je, tunaihitaji? Naona faida yake katika mashauri ya Katiba, ambayo yanastahili kuangaliwa na jicho moja zaidi. Lakini namfikiria mjane mwenye kesi ya shamba, anayeongezewa ngazi ya nne au ya tano ya kupanda, na kila ngazi ni nauli, wakili na miaka. Kwangu swali la umbali linatangulia lile la jina. Nafurahi Rufani inapokuja kufanya vikao Arusha na Moshi, na ningependa vikao hivyo viwe vingi zaidi.

Jaji akiteuliwa na Rais, si Rais anaweza kumtoa akimkasirisha? (Fundi cherehani, Kaloleni, Arusha)

Hawezi hivihivi. Rais anamteua Jaji Mkuu, na anawateua Majaji wa Rufani baada ya kushauriana na Jaji Mkuu. Kumwondoa jaji ni kazi nyingine kabisa. Lazima iundwe tume ya kuchunguza, na angalau nusu ya wajumbe wake wawe watu waliokuwa au walio majaji katika nchi za Jumuiya ya Madola. Sababu nazo zimetajwa: kushindwa kazi kwa maradhi au sababu nyingine, au tabia mbaya. Jaji wa Rufani hustaafu akiwa na miaka 65. Vizuizi hivi vimewekwa kwa ajili yako wewe, ili siku ukiishitaki Serikali, anayekusikiliza asiwe na hofu ya kibarua chake.

Mahakama ina ubavu wa kufuta sheria ambayo Bunge zima limepitisha? (Kijana wa Karatu)

Ndiyo, na mfano bora zaidi umetoka huko kwenu. Mwaka 1992 Bunge lilitunga sheria ya kurekebisha umiliki wa ardhi katika vijiji vilivyoanzishwa. Sheria hiyo ilifuta haki za kimila za watu waliokuwa na mashamba kabla ya vijiji kuundwa, bila fidia, na ikazuia mahakama zisisikilize madai yao. Baba na mwanawe wa Mbulu, ambayo wakati huo ilikuwa mkoa wa Arusha, wakaenda Mahakama Kuu. Ni kesi maarufu ya Lohay Akonaay. Serikali ikakata rufaa, na Mahakama ya Rufani, kwa hukumu ya Jaji Mkuu Nyalali, ikasema haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba, kwa hiyo haichukuliwi bila fidia ya haki. Vifungu kadhaa vya sheria ile vikaanguka. Watu wawili wakulima waliigusa sheria ya nchi nzima, na kila mwenye shamba la kimila leo anakula matunda ya uvumilivu wao.

Kabla ya hukumu hiyo, mwaka 1993, Rufani ilikuwa imekaa hapahapa Arusha katika kesi ya Pumbun na kuondoa sharti la kuomba kibali cha Serikali kabla ya kuishitaki Serikali yenyewe. Baadaye Bunge likaweka utaratibu mwingine, wa taarifa ya siku 90.

Lakini usidhani mahakama ikisema mambo yamekwisha. Katiba inairuhusu kuipa Serikali muda irekebishe kasoro badala ya kuifuta sheria papo hapo. Chukua Sheria ya Ndoa ya 1971, inayoruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Mwaka 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu iliona vifungu vya 13 na 17 vinakwenda kinyume cha Katiba na ikatoa mwaka mmoja virekebishwe. Rufaa ya Serikali ilitupwa tarehe 23 Oktoba 2019. Mwaka ukapita tena, na Bunge likawa bado halijavigusa. Nasema kwa moyo mzito, kwa sababu wasichana hawasimami kukua wakisubiri ratiba.

Na Bunge nalo linaweza kujibu mahakama. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ilikubaliana na Mchungaji Christopher Mtikila kwamba mgombea binafsi anaruhusiwa. Bunge likabadili Katiba yenyewe kuzuia jambo hilo. Alirudi mahakamani, akashinda tena mwaka 2006, na mwaka 2010 majaji saba wa Rufani wakasema suala hilo ni la Bunge kuamua.

Ukitaka kufungua shauri la namna hii, haki zako za Ibara ya 12 hadi 29 zinadaiwa Mahakama Kuu, mbele ya majaji watatu. Tangu marekebisho ya 2020, lazima uonyeshe kwa kiapo jinsi wewe mwenyewe ulivyoathirika.

Hapa Arusha tuna mahakama za kimataifa. Je, ziko juu ya Rufani? (Dereva wa teksi, Njiro)

Haziko juu kwa maana ya rufaa. Mahakama ya Afrika Mashariki, iliyozinduliwa 2001, inaangalia kama nchi mwanachama imevunja Mkataba wa Jumuiya. Mwananchi anaweza kwenda moja kwa moja, bila kupitia mahakama za nchini, ila ana miezi miwili tu tangu jambo litokee au alipolijua. Ndiyo iliyozuia, mwaka 2014, ujenzi wa barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa Serengeti.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kesi ya Mtikila mwaka 2013 na kumpa haki. Lakini Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na mashirika kuishitaki huko, na mwaka mmoja baadaye mlango ukafungwa kwa mashauri mapya ya aina hiyo. Jengo liko hapa Arusha, lakini wewe huwezi kuingia kama mlalamikaji. Natamani tamko lile lirudishwe.

Ile ya Umoja wa Mataifa kuhusu Rwanda, iliyokuwa kwenye kituo cha mikutano cha kimataifa (AICC), ilifanya kazi yake ya kuwahukumu wahusika wa mauaji ya kimbari ya 1994 na kufungwa 2015.

Baba alipofariki tuligombania kihamba, shamba letu la ukoo. Kesi ilianza Mahakama ya Mwanzo, Wilayani tukashinda, Mahakama Kuu Moshi tumeshindwa. Twende Rufani? (Mama wa Rombo)

Pole sana, dada. Mlango upo, ila ni mwembamba. Shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo haliendi Rufani mpaka Mahakama Kuu itoe cheti kwamba ndani yake kuna hoja ya kisheria inayostahili kuamuliwa. Nani alipanda migomba ile, shahidi yupi alisema kweli, hayo hayafunguliwi tena. Kinachotazamwa ni kama sheria ilitumika vibaya: mahakama haikuwa na mamlaka, mrithi hakusikilizwa, msimamizi wa mirathi aliteuliwa kinyume cha utaratibu, na kadhalika.

Taarifa ya kusudio la kukata rufaa inapelekwa kwa Msajili wa Mahakama Kuu, hapohapo Moshi, ndani ya siku 30 tangu hukumu isomwe. Ndani ya siku hizohizo andika barua ya kuomba nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi, mpe mpinzani wako nakala ya barua hiyo, na utunze yako yenye mhuri wa kupokelewa. Rufaa nyingi hazianguki kwa sababu mtu hana haki, zinaanguka kwa sababu ya karatasi hii moja. Kama huna fedha za wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inakuhusu, na ofisi ya ustawi wa jamii wilayani itakuelekeza kwa watoa msaada waliosajiliwa.

Barua yako haikutaja tarehe ya hukumu. Kama siku 30 hazijaisha, nenda masijala wiki hii. Kama zimepita, ombi la kuongezewa muda linaanzia Mahakama Kuu, na utatakiwa kueleza kila siku uliyochelewa, kwa hiyo anza leo kukusanya vyeti vya hospitali, tiketi za basi na barua zozote zinazoonyesha ulikuwa wapi.